Mchicha Wenye Mizizi

Mtaani kwetu Kimisagara, mtu aliyetaka kutukanwa asubuhi na mapema alikuwa na njia ya uhakika: aingie bustanini kwa Nyirarukundo ang'oe mchicha. Kuununua hakukuwa na shida. Hata kuuomba, ukimkuta moyo umetulia, ungepewa. Lakini uung'oe na mizizi yake? Angekuchapa mkono kama mtoto, hata kama una ndevu.

Mjane huyu hakuwa mtu wa kupendeka, na hakujisumbua kupendwa. Alikuwa na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba, kwenye mteremko, udongo mwekundu ambao mvua za masika ziliusomba kila mwaka hadi mtaroni. Akapanga mawe, akainua matuta, akamwaga majivu na mavi ya kuku na maji ya kuoshea vyombo. Kile kiwanja kikatoa karoti, nyanya chungu, maboga yaliyotambaa juu ya kichanja cha miti mpaka kikawa kama banda, na mchicha, ambao sisi tunauita dodo. Kwa mchicha alikuwa na sheria. Unakata ncha kwa ukucha wa kidole gumba, shina linabaki ardhini, linachipua, unachuma tena. Anayeng'oa, alisema, ni mwizi anayejiibia mwenyewe.

Mwanafunzi wake aliyefaulu alikuwa Munyaneza, jirani wa ukuta mmoja, fundi mwashi aliyekosa kazi vita vilipoanza mwaka wa tisini. Nyirarukundo alimpa mbegu na matuta ya upande wa chini, akamkaripia mpaka mkono wake ukashika adabu. Walilima pamoja miaka ile yote, wakiazimana jembe. Munyaneza alimwita mukecuru, yaani mama mzee, na mkewe akipika vizuri, sahani ilivuka ukuta.

Aliyefeli alikuwa Vestine, mshonaji, mpangaji wa chumba cha uani. Kwenye cherehani alikuwa hodari, ila bustanini alikuwa balaa. Alivuta mchicha kwa ngumi, mizizi na udongo na vyote, huku akili iko kwenye gauni la mteja. Nyirarukundo akampiga marufuku kukanyaga matuta. Waligombana kwa jambo hilo kila mara, na mimi niliyewasikia naapa kwamba wote wawili waliufurahia ugomvi ule.

Ikaja Aprili ya tisini na nne. Vestine alikuwa Mtutsi, Nyirarukundo hakuwa. Watutsi walipoanza kuwindwa nyumba kwa nyumba, mjane alimtoa Vestine chumbani, akamshusha kwenye shimo la mboji chini ya kichanja cha maboga, akamfunika kwa majani. Hakumbembeleza. Alimwambia akikohoa atamzika yeye mwenyewe.

Munyaneza alikuwa bariyeri, kwenye kizuizi walichoweka wauaji barabarani, na panga lile lile alilosafishia matuta. Wenyewe walisema wako kazini. Kazi ilileta njaa, na soko lilikuwa limefungwa. Basi kila asubuhi Nyirarukundo aliwapelekea wauaji sufuria ya mboga, ili wasije kwake kuitafuta. Walipekua nyumba yake mara moja, juu juu, kisha wakamzoea. Nimesikia watu wakimhukumu kwa sufuria ile. Wanaomhukumu hawakuwa na mtu shimoni, na mimi nina hasira nao mpaka leo.

Yaliyofuata alinisimulia Nyirarukundo mwenyewe. Asubuhi moja malaria ilimwangusha, hakuweza kuinuka. Vestine, shimoni, alisikia kwamba jikoni ni kimya. Alijua sufuria isipokwenda bariyeri, bariyeri itakuja. Akatoka kwa kutambaa kabla jua halijapanda, akachuma mchicha, akaufunga fungu kwa kamba ya mgomba, akauweka mlangoni pa jikoni, akarudi shimoni. Lilikuwa jambo la akili, na lilikuwa jambo la mapenzi.

Munyaneza akaja kuuliza sababu ya kuchelewa. Nyirarukundo alitoka akijishikilia mlango, na fungu lile akaliona wakati ule ule Munyaneza alipoliona.

"Mukecuru, mwaramutse. Sufuria iko wapi? Bahungu, vijana ya bariyeri, iko na njaa."

"Niko na malaria. Mboga ni hiyo, mupike wenyewe."

Munyaneza akaliokota. Udongo ukamwangukia mguuni. Akaligeuza, akaitazama mizizi.

"Hii nani aling'oa?"

"Ni miye."

"Wewe hapana ng'oa, mukecuru. Ata siku moja."

"Leo mikono haina nguvu. Niling'oa."

Munyaneza akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Hakuwa mtu wa kelele.

"Basi ng'oa tena, nione."

Mjane akaenda na homa yake, akainama juu ya tuta. Alijua anachotakiwa kufanya: akamate shina chini, avute. Jambo ambalo mtoto yeyote angeliweza. Lakini mkono ulikuwa umefanya kazi ile maisha yake yote, na kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye ncha. Kikakata, vizuri kabisa.

Munyaneza akacheka kidogo.

Hapo ndipo Nyirarukundo alipoanza kung'oa kwelikweli. Aling'oa mchicha, aling'oa karoti changa, aling'oa nyanya chungu zilizokuwa na maua, tuta baada ya tuta, kwa mikono miwili, akisema unaona, naweza, unaona. Aliharibu bustani yote kumshawishi mtu ambaye hakuwa akimtazama tena. Munyaneza alikuwa akitazama kichanja cha maboga. Akapiga mluzi kuwaita wenzake.

Walimuulia Vestine pale pale, kwenye matuta aliyokatazwa kuyakanyaga. Kisha Munyaneza akamwambia mukecuru aende akalale, ana homa. Akalichukua fungu la mchicha, akaondoka nalo.

Julai alikimbia na wenzake kuelekea Zaire. Nyirarukundo alibaki. Watu walidhani hatalima tena, lakini mvua za Septemba ziliponyesha akapanda, mchicha mtupu, na chumba cha uani akampangisha Harriet, binti aliyekulia Uganda na kurudi na wazazi wake baada ya vita. Binti mpole, asiyejua lolote la nyumba ile.

Asubuhi moja nilikuwa nimefuata mboga. Harriet alikuwa akianika nguo, akimwangalia mzee akivuta mchicha kwa ngumi, mizizi na udongo na vyote. Alivumilia kwa muda, kisha akashindwa.

"Mama, usiung'oe. Ukikata hapa juu tu, utaota tena."

Nyirarukundo hakuinua kichwa.

"Najua," akasema, akang'oa mwingine.