Sosi ya Mavyaa

Mavyaa yake Khairunnisa hutengeneza sosi kwa mkono kila Ijumaa. Huvunja mayai mabichi, akaponda punje za thomu, kisha mkono mmoja ukamimina mafuta membamba kama uzi huku mwingine ukikoroga, siku zote upande mmoja. Ukimsemesha hakujibu, asije akaiharibu. Ikishikana, huionja kwa ncha ya kidole, akaguna.

Ijumaa hii, jamaa walipolizunguka sinia, mkono ule ule uliipaka sosi kababu ya Khairunnisa kabla ya zote.

"Kula, mwanangu. Mko wawili."

Khairunnisa alikuwa na mimba ya miezi mitano, na ya kwanza ilishaharibika. Majuma yaliyopita aliifuta sosi kwa mkate kisirisiri, asiile. Leo mavyaa alimkazia macho, akingoja.

"Mama, niwie radhi. Mayai haya ni mabichi. Kliniki wamenikataza, huenda yana vijidudu vya kumdhuru mtoto."

Moiz, mumewe, aliinamia wali. Mama alijifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja.

"Wamekukataza tangu lini?"

"Tangu mwanzo. Niliogopa kukwambia."

"Ukaniogopa mimi, usimwogopee mtoto?"

Sauti ilikuwa ndogo. Aliiondoa kababu, akaingia jikoni. Hakuna aliyekula. Walisikiliza maji yakichemka.

Aliporudi, alileta kababu nyingine na mayai yaliyochemshwa hadi viini vikakauka, kayaponda kwa thomu na ndimu. Alisimama mpaka Khairunnisa akameza tonge la kwanza.

"Siku ya kliniki tutakwenda sote," alisema. "Nikasikie na mengine unayonificha."