Sauti ya Nane

Waya alikuwa na sharti moja katika studio yake, na alilishika kwa miaka kumi na tisa: mwenye sauti akitoka chumbani, mashine inazimwa. Iwe umekwenda msalani au umetoka kupokea simu, ni mamoja. Alizima, akakunja mikono, akakungoja. Wanakwaya walimtania kwamba anaogopa mashine yake itaimba peke yake, na wapiga gitaa wenye haraka walimnung'unikia, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi akakuta wimbo wake umeguswa. Katika kazi ambayo mtu anakuachia koo lake ndani ya boksi na kwenda zake, uaminifu ni huo, hakuna mwingine. Zilikuwapo studio zenye vyombo bora zaidi. Watu walikwenda kwa Waya.

Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mshona mapazia. Kuta alizifunika kwa magodoro makuukuu na trei za mayai ili kuzuia mwangwi. Mashine ilikuwa kinasa sauti cha mkanda chenye njia nane, yaani kingeweza kushika sauti nane kwa pamoja, kila moja kwenye mstari wake, na kila mstari una sindano ndogo iliyocheza kadiri sauti ilivyopanda au kushuka. Njia zikijaa zote, ukitaka kuongeza sauti ya tisa huna budi kufuta moja. Wenzake walikwishahamia kwenye kompyuta. Yeye alisema kompyuta inamfundisha mtu kurudia mara mia kile alichopaswa kukifanya sawa mara moja.

Jina la Waya alilipata utotoni kwa kufungua redio za majirani. Gitaa alilipiga kuliko mtu yeyote mtaani, na hilo hata waliomchukia walilikubali. Ila hakuwahi kumaliza wimbo wake mwenyewe. Alikuwa na vipande vingi, mwanzo wa huku na kiitikio cha kule, na kila alipoulizwa alijibu kwamba anasubiri atulie. Alifika miaka arobaini na saba akiwa bado hajatulia.

Mdogo wake alikuwa karani wa mafaili hospitalini, dirisha la tatu, na kila mtu alimwita Karani. Waya ndiye aliyemfundisha gitaa. Vidole vyake vilikuwa vizito, na Karani mwenyewe alicheka alipoambiwa anapiga kama mtu anayefunga furushi. Kwa hiyo siku alipoingia studio na daftari lenye nyimbo tisa, Waya alilipokea kama mtu mzima anavyopokea mchoro wa mtoto.

Nyimbo zote tisa zilikuwa hadithi moja. Zilifuata faili la mgonjwa linavyosafiri kutoka dirisha hadi dirisha, likikosa muhuri hapa, likiwekwa chini ya kikombe cha chai kule, huku mgonjwa mwenyewe amelala kwenye benchi la ukumbini. Albamu nzima ingeitwa Benchi. Hakuna wimbo ambao ungesimama peke yake. Mmoja ulimkabidhi msikilizaji kwa mwingine bila kumpa nafasi ya kupumua. Waya aliuliza kwa nini iwe roki, magitaa ya kukwaruza na ngoma za kishindo, wakati watu wanapenda muziki mwororo.

"Nimejaribu polepole," Karani alisema. "Ikiwa polepole inakuwa kama naomba. Mimi siombi, kaka."

Waya alisoma kurasa sita akiwa amesimama. Alijua thamani ya alichokishika, maana masikio yake hayakuwahi kumdanganya, na alijua pia kwamba yeye hakuwahi kuandika hata ukurasa mmoja kama ule. Alifunga daftari akasema mizani imeyumba sehemu nyingi, lakini watajitahidi.

Walirekodi miezi mitatu, Jumamosi na Jumapili. Ngoma alipiga dereva wa lori la mchanga, mtu mwenye mikono kama makoleo. Ilipofika wiki ya nne, washona mapazia walianza kuzima vyerehani vyao ili wasikie, na mmoja akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja. Waya aliyaona hayo kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo, akaenda kuufunga. Nyumbani alimkuta mkewe anaosha vyombo huku anaimbia puani. Akamuuliza ni wimbo gani.

"Si ule wa shemeji," mkewe akajibu. "Ule wa kikombe cha chai. Umenigandia."

Waya alikuwa amepiga gitaa ndani ya nyumba ile kwa miaka ishirini, na mkewe hakuwahi kugandiwa na chochote. Mama yao naye alikuwa akiwatangazia wanawake wenzake uani kwamba kitindamimba wake anatoa albamu. Wakimuuliza kuhusu mkubwa, alijibu bila ubaya wowote: "Naye yupo, anamshikia nyaya." Wanawake wakacheka. Neno likamfikia Waya kabla ya jioni.

Akafanya jambo ambalo fundi wa sauti hapaswi kulifanya: aliacha kusikiliza. Alivaa visikizio, akakodolea sindano macho, akapandisha hiki na kushusha kile, na maneno akayaacha yapite kama gari la mtu asiyemjua. Kijiba cha roho kilimfundisha ujanja huo, na aliumudu kiasi kwamba miezi mitatu ilikwisha akiwa amerekodi kila neno la mdogo wake bila kulisikia.

Wimbo wa saba haukuwa na gitaa wala ngoma. Karani aliwaleta watu wanane waliowahi kukaa kwenye benchi lile, mmoja mmoja, na kila mmoja alieleza mbele ya maikrofoni kile alichoambiwa dirishani. Sauti zote nane zingeanza pamoja kama kelele za ukumbi, kisha zingezimika moja baada ya nyingine mpaka ibaki ya mwisho peke yake. Njia nane, watu wanane. Hakukubaki nafasi hata ya sauti ya kijiti cha ngoma.

Wa mwisho alikuwa mama aliyevaa sweta la kijivu. Alimwambia Karani pale mlangoni, na Waya akiwepo, "Nitasema mara moja. Mara ya pili nitakuwa naigiza." Alisema maneno yake kwa sauti ya chini mno, akatoka, akaiacha chai aliyokaribishwa ikipoa. Waya aliona sindano ya nane imetikisika kidogo tu. Basi, hilo ndilo alilolishika kuhusu mama yule.

Jumatano iliyofuata alikuja mtangazaji wa redio kusikia kazi ilivyofika. Alikaa na Karani saa nzima akiandika kila alichosema. Alipotaka kupiga picha alimgeukia Waya kwa adabu: "Samahani mzee, sogea kidogo, unaziba mwanga." Waya akasogea. Alisogea mpaka mgongo ukagusa godoro la ukutani, ndani ya chumba alichokijenga kwa mikono yake mwenyewe.

Alhamisi asubuhi Karani alikuwa kazini. Waya alifungua studio, akawasha mashine, akaweka mkanda wa wimbo wa saba, mwenye sauti akiwa hayupo. Alijiambia anakagua tu. Kisha akajiambia kwamba albamu ya roki haiwezi kukosa gitaa katikati ya moyo wake, na kwamba mdogo wake ameliacha pengo kwa sababu vidole vyake haviwezi. Alitafuta sindano dhaifu kuliko zote. Ilikuwa ya nane. Akabonyeza kitufe chekundu cha kurekodi, kinachofuta kilichokuwa kwenye mstari, akapiga.

Alichopiga kilikuwa kizuri, wala sitasema uongo ili kumkomoa. Kile alichokuwa akikisubiri miaka yote kilimjia asubuhi ile bila kusita, dakika moja na nusu. Alifunga studio akaenda kula na hamu ya kula anayo.

Jumamosi Karani alivaa visikizio. Kelele za ukumbi zikaanza, sauti zikazimika moja moja, na pale ilipopaswa kubaki ya mwisho likapanda gitaa. Aliinua kichwa.

"Namba nane iko wapi?"

"Ilikuwa dhaifu. Haikusikika."

"Kaka, nakuuliza iko wapi."

"Nimepiga juu yake. Sikiliza kwanza gitaa, halafu ndiyo ugombe."

Karani alisikiliza mpaka mwisho. Akavua visikizio akavilaza mezani polepole.

"Umepiga vizuri," alisema. "Hujawahi kupiga vizuri namna hii." Kisha akamwambia. Faili la hadithi nzima lilikuwa la mtoto wa mama wa sweta. Lilipotea siku moja tu, mtoto akafia benchini, na aliyekuwa dirisha la tatu siku hiyo alikuwa Karani. "Mimi ndiye niliyemwambia arudi kesho. Nyimbo zote sita za mwanzo zinaelekea kwa mama yule. Nilitaka nifike pale halafu ninyamaze, aseme yeye. Yote yapo kwenye wimbo wa pili, kaka. Umeurekodi mwenyewe."

Wapo wanaomtetea Waya kwa neno hilo: hakujua. Sikubali. Alikuwa na masikio bora kuliko sisi sote, naye aliyaziba kwa hiari ili yasimletee sifa za ndugu yake. Mtu akifumba macho kwa makusudi hawezi kusingizia giza.

Hakubisha. Aliomba aelekezwe kwa yule mama, na akaenda mwenyewe, kwa miguu. Alimkuta anakunja mashuka katika chumba cha dobi, kazi yake ya kila siku. Alieleza akiwa amesimama kizingitini, na mama hakuacha kukunja.

"Mimi nilishasema," mama alijibu.

Waya akasema ni kweli, ila mashine imefuta.

"Mashine?"

"Mimi, mama. Nimefuta mimi."

Hapo mama aliliweka shuka chini, akamtazama kwa mara ya kwanza. Waya akamsihi aje tena, hata kwa dakika moja, hata siku yoyote atakayopenda yeye.

"Kumbe na wewe," mama akasema, "umekuja kuniambia nirudi kesho."

Akaokota shuka lake. Waya alisubiri pale mlangoni mpaka mashuka yakaisha mezani, kisha akaondoka.

Karani alichukua mikanda yake, akamalizia nyimbo mbili za mwisho katika studio nyingine. Gitaa alilifuta, na mstari wa nane akauacha mtupu. Albamu ilitoka, ikasikika mbali, na hospitalini wakabadilisha utaratibu wa mafaili, ingawa hawakusema ni kwa sababu gani. Mwishoni mwa wimbo wa saba sauti ya mtu wa saba inazimika, kisha mkanda unaendelea dakika moja na nusu bila kitu. Wasikilizaji wengine hudhani ni hitilafu, wakaruka hadi wimbo unaofuata.

Waya bado anarekodi kwaya. Mdogo wake humsalimia wakikutana kwa mama yao, humwita kaka, na hajakanyaga tena studio. Kwa dakika moja na nusu ya gitaa, mama wa sweta alipoteza maneno pekee aliyokubali kuyasema juu ya mwanawe, na Waya alimpoteza ndugu yake.