Sikio Lililochorwa Mara Tatu

Mama Raba alipata jina hilo kwa kupokonya watu raba. Miaka thelathini na miwili alifundisha uchoraji, na kila mwanafunzi aliyeingia darasani kwake aliacha raba mlangoni, ndani ya kopo la biskuti. Mstari ukikosea uache hapo hapo, alikuwa akisema, wa kweli utaupata pembeni yake. Alikuwa mkali, hilo halifichiki. Mdogo wake wa kike, aliyeishi naye tangu wote wawili wafiwe na waume zao, alizoea kumwambia kwamba hasira zitamzika kabla ya presha. Naye alijibu kwamba hata hiyo presha ameletewa na wajinga.

Alipostaafu aliitwa awe jaji wa mashindano ya uchoraji, akakubali kwa sababu moja tu. Mshindi hakupewa kikombe wala cheti cha kutundika sebuleni. Alipewa nafasi ya kusoma chuo cha sanaa miaka mitatu bila kulipa chochote, na yeyote aliruhusiwa kushindana, hata aliyeishia darasa la saba, mradi hajatimiza miaka thelathini na mmoja. Kwa wengine huo ndio ulikuwa mlango pekee uliobaki.

Majaji walikuwa watatu. Mwenyekiti alikuwa bwana aliyetajirika kwa kuchapisha kalenda, mtu wa kusimama mbele ya picha mikono nyuma, akivuta pumzi kwa kelele ili watu wajue anafikiri. Wa pili walimwita Machweo, kwa kuwa miaka nenda miaka rudi alichora jua likizama na kuziuzia hoteli. Machweo hakuwa na roho mbaya, ila hakuwa na msimamo. Kwake yeye, aliyesema mwisho ndiye aliyesema kweli.

Picha sitini na tatu zilipangwa ukumbini, zimeegemezwa kwenye viti, namba mbele, jina la mchoraji nyuma limefunikwa kwa kipande cha karatasi. Walizunguka tangu saa mbili asubuhi. Waliona maua, simba, na watu wakubwa wenye shingo nene kuliko vichwa. Kisha Mama Raba akafika namba arobaini na moja, na miguu ikagoma kuendelea.

Ulikuwa mchoro wa penseli: mzee amelala kitini, mdomo wazi, kola ya shati imekunjika upande mmoja, kandambili moja imemponyoka mguuni. Ungeweza kumsikia akikoroma. Mama Raba, ambaye maisha yake yote hakuwahi kumpa mtu alama themanini, aliandika tisini na sita na kuipigia mstari.

"Hii tuitoe," Mwenyekiti akasema nyuma yake. "Imefuatishwa. Kaweka karatasi juu ya picha ya kamera, akabandika kwenye kioo cha dirisha, akapitisha penseli. Mtu hawezi kuchora hivi kwa macho matupu."

"Hata mimi nilishtuka," akasema Machweo.

Damu ilimchemka Mama Raba. "Mtu hawezi, au wewe huwezi?"

Aliinyakua picha akawapeleka dirishani kwenye mwanga. "Tazama sikio. Hapa alilichora juu mno. Akalishusha. Akalirudisha nyuma kidogo. Mara tatu! Na hii mistari hafifu chini ya taya ni ya nini? Anayefuatisha ana mstari mmoja tu, hana cha kutafuta. Huyu alikuwa anatafuta, labda hata mwezi mzima. Mmepewa kalamu za kutolea alama na hamjui hata kusoma penseli."

"Kweli, sikio linaonekana," akasema Machweo.

Mwenyekiti alikunjua mikono yake taratibu. "Basi aitwe. Tumpe karatasi na dakika ishirini, achore mtu hapa mbele yetu. Akiweza, nampa alama zote. Akishindwa, inatoka."

Mama Raba alikuwa amefura. Alitaka kumwona huyu bwana wa kalenda akimeza maneno yake hadharani, na sasa mwenyewe alikuwa amejileta. "Aitwe hata sasa hivi," akasema, na akatia saini kwenye fomu ya makubaliano ya majaji kabla hajaombwa.

Aliyeitwa alifika saa nane. Alikuwa mfuaji nguo wa hospitali, bado amevaa gauni la kazi, vidole vimechujuka kwa sabuni na dawa. Fomu yake ilisema ana miaka thelathini, na miezi miwili mbele angekuwa ameupita umri. Alidhani ameitwa kupongezwa. Walipomweleza, tabasamu likamwisha, akauliza tu amchore nani.

"Mimi," akasema Mwenyekiti, akakaa na kunyoosha tai.

Mfuaji alimtazama muda mrefu bila kugusa karatasi. Dakika tano zikaenda. Kisha ukaja mstari mmoja, na mwingine pembeni yake, na wa tatu. Mkono ulikuwa unatafuta, polepole, kama ulivyozoea. Mama Raba, aliyesimama nyuma yake, alielewa hapo alichokifanya. Dakika ishirini! Kwa mdomo wake mwenyewe alikuwa amesema mwezi mzima. Asiyejua kazi angesameheka, lakini yeye alijua, akatia saini kwa sababu ya hamu ya kumkomesha mtu.

"Mwongezeeni muda," akasema.

"Umesaini, Mwalimu," Mwenyekiti akajibu bila kusogeza kidevu.

"Basi nilisaini upumbavu."

Machweo alitazama viatu vyake. "Makubaliano ni makubaliano," akasema.

Muda ulipokwisha, karatasini kulikuwa na sikio moja, kipande cha taya na mistari mingi. Mwenyekiti aliiinua karatasi akacheka puani, na namba arobaini na moja ikaondolewa kitini. Mama Raba aliwatolea yote yaliyokuwa kifuani, akatupa fomu zake sakafuni, akatoka. Saini za majaji wawili zilitosha, kwa hiyo kazi iliendelea bila yeye.

Alimkuta yule mwanamke kwenye ngazi, picha yake kwapani.

"Mwanangu, nisamehe. Mimi ndiye niliyesema uitwe. Nilikuwa nakutetea."

"Ulikuwa unagombana nao, Mama," mwanamke akasema, bila kupandisha sauti. "Huyu ni baba yangu. Nilimchora miezi minne, kila Jumapili akilala. Ungeniuliza tu nachukua muda gani, ningekwambia."

Mama Raba alisogea pembeni kumpisha. Mwanamke akashuka ngazi haraka kurudi kazini, maana alikuwa ameomba ruhusa ya saa moja tu.