Mama Mkwe Halali Mbele Yangu

Wiki ya kuelekea Valentino, siku ya wapendanao, mashamba ya maua ya Naivasha hayampi mtu ruhusa. Mke wangu ni msimamizi katika ukumbi wa kupakia maua. Aliomba siku mbili ampeleke mama yake Nakuru kupasuliwa jicho, akapewa pole. Ndivyo kazi hiyo ilivyoniangukia mimi, mwanamume wa miaka hamsini na moja mwenye shahada mbili, ninayeandikia nyumbani na ambaye kwa hiyo, machoni pa ukoo mzima, sina kazi. Binti yetu wa miaka miwili ilibidi aje pia, maana msichana aliyekuwa akimlea alienda kwao Krismasi na mpaka leo hajarudi.

Mama mkwe wangu anaishi kijijini Ndabibi. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfikisha mahali pa kukamua ng'ombe kwa kupapasa. Jicho la kushoto lilishakwenda. La kulia ndilo tulilotaka kuokoa. Daktari anayefanya upasuaji huo hufika katika hospitali ile mara moja kwa miezi mitatu, na muuguzi alikuwa amenieleza kwa simu, mara mbili, kama mtu anayewajua watu wa aina yangu: mama afike saa kumi na mbili asubuhi, na usiku alale vizuri, kwa sababu presha ikipatikana iko juu hapasuliwi, anarudishwa nyumbani. Presha ya mama hupanda hata kuku akichelewa kurudi bandani. Nikaweka nafasi ya vyumba viwili hotelini, tulale Nakuru, tusihangaike na malori ya alfajiri barabarani.

"Boss, tuko na watu wa graduation," msichana wa mapokezi aliniambia tulipofika. "Imebaki room moja tu. Lakini iko na vitanda viwili."

"Niliongea na nyinyi juzi. Mkasema vyumba viwili."

"Ni kweli tulisema."

"Yule ni mama mkwe wangu."

Msichana alimtazama mama, aliyekuwa amekaa mbali kidogo akiwa amemshika mtoto mkono, kisha akanitazama mimi. "Woi," akasema polepole. "Pole sana."

Hakuhitaji maelezo. Kwetu mwanamume halali chumba kimoja na mama mkwe wake, wala hamwoni akiwa amelala. Katika miaka tisa ya ndoa sikuwa nimewahi kumwona mama huyu hata akiegemea kiti. Nikiingia, anakaa wima na kuvuta kitambaa chake mbele. Chuoni niliwahi kuandika insha ndefu kuhusu mila za namna hii, nikazichambua kwa utulivu wa mtu ambaye hazimhusu.

Nilipigia hoteli nyingine tano. Zote zilikuwa zimejaa wazazi wa mahafali. Basi nikapanga hivi: mama na mtoto walale chumbani, mimi nilale kwenye gari. Niliuona mpango mzuri. Ulidumu mpaka saa nane mchana, wakati wa mtoto kulala.

Binti yangu ana sheria moja. Hafumbi macho mpaka kila mtu aliye ndani awe amejilaza. Nyumbani si shida: mimi na mama yake tunajinyoosha dakika kumi, analala, tunanyanyuka kwa kunyata kama wezi. Sikuwa nimefikiria sheria hiyo ingeleta nini mahali penye mama mkwe.

Nilimlaza kitandani nikatoka. Alikimbilia mlango akalia, "Baba lala, Baba lala." Nikarudi. Akatulia, akaweka kichwa kwenye mto, kisha akakiinua. Nyanya yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha pili, mkoba mapajani, kama abiria anayengoja kuitwa.

"Shosho, lala."

"Nitalala, mami."

"Lala sasa."

Mama aligeuzia uso upande nilipokuwa. Huniita Baba, kwa heshima ileile ambayo angemwita baba yake mzazi. "Baba," akasema, "hebu toka kidogo nijaribu."

Nikatoka. Mtoto akalia. Nikaingia. Mtoto akanyamaza, mama akakaa wima. Niliingia na kutoka mara nyingi hata mama wa usafi akaniuliza kama kufuli ina shida.

Hapo ndipo elimu ilipojitokeza. Niliomba shuka moja zaidi, nikaifunga kutoka mlango wa kabati hadi kwenye kikomeo cha dirisha, ikawa ukuta kati ya vitanda. Mama akajilaza nyuma yake. Nilisikia kitanda kikilia. Nami nikajilaza upande wangu, nikajisifu kimoyomoyo. Lakini mtoto alikuwa ameona nyanya yake akitoweka, na kwa mtoto wa miaka miwili huo ni mchezo. Aliteremka, akavuta shuka kwa mikono miwili, ikaanguka yote.

"Shosho, nimekuona."

Mama aliinuka kwa haraka kupita kiasi. Alishika kichwa, akabaki hivyo, macho ameyafumba, akipumua kwa mdomo. Hapo nikaogopa kweli. Nilikuwa nimemleta mwanamke huyu atulizwe presha, na kazi niliyokuwa nikifanya tangu mchana ilikuwa kuipandisha.

Usingizi wa mchana ukapotea hivyo. Jioni nilimwogesha mtoto, nikampa maziwa, nikazima taa kubwa, kama vitabu vya malezi vinavyoagiza. Vitabu hivyo huandikwa na watu wenye vyumba. Saa mbili na nusu nilikuwa koridoni mke wangu alipopiga simu, mashine za kufungia maboksi zikivuma nyuma yake.

"Amelala?"

"Nani?"

"Mama."

"Bado."

"Na mtoto?"

"Bado."

"Na wewe uko wapi?"

"Koridoni."

"Si umwambie tu mama alale, ni usiku."

"Mwambie wewe."

Hakumwambia.

Mwishowe mtoto alilia mpaka watu wa chumba cha jirani wakagonga ukuta. Niliingia, nikazima taa zote, nikajilaza na viatu nikitazama ukuta, binti yangu kifuani.

"Mama," nikasema gizani, "nimefumba macho."

"Hata mimi sioni," akajibu. "Lakini najua uko."

Nilikusudia kutoka mara tu mtoto akisinzia. Nilisinzia kabla yake.

Nilipoamka ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Kitanda cha pili kilikuwa kimetandikwa vilevile tulivyokikuta. Mama alikuwa koridoni kwenye kiti cha plastiki, kitambaa kimefungwa, mkoba mapajani.

"Mama, ulilala?"

"Nililala."

"Hapo kwenye kiti?"

"Twende, Baba. Tutachelewa."

Hospitalini muuguzi alipima presha, akatikisa kichwa, akapima tena. Mia moja themanini na mbili. "Mama, jana ulilala?"

"Nililala vizuri sana."

Alisema hivyo ili anifichie aibu. Muuguzi alishachukua kadi aandike tarehe ya kurudi. Nikinyamaza, nitakuwa mkwe mwenye adabu, na mama atarudi Ndabibi kupapasa miezi mitatu mingine, kama jicho litangoja.

"Hakulala," nikasema. "Tulikuwa chumba kimoja."

Kalamu ikasimama. Muuguzi alikuwa mwanamke wa rika langu. "Wewe na mama mkwe wako?"

"Hoteli zilikuwa zimejaa."

"Na hukuona gari? Hukuona koridoni?"

"Mtoto alikuwa anakataa..."

"Shida ni wewe," akasema bila hasira, kama anayesoma majibu ya maabara. "Mama, njoo ulale huku ndani. Saa tatu nitapima tena. Na wewe, beba mtoto wako utoke. Si hapo kwenye benchi. Nje ya geti kabisa. Asisikie hata ukikohoa."

Nikatoka. Mama alinipa leso yake bila kunitazama, nikamfunga mtoto mgongoni nikizunguka kwenye vumbi la nje ya geti. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma alinirekebishia fundo bila kuombwa, akasema wanaume tukifunga mtoto ni kama tunafunga gunia la viazi. Mtoto akalala. Sikuthubutu kukaa. Simu ilikuwa ikitetemeka mfukoni, chini ya leso, nami sikuweza kuifikia bila kumwamsha. Saa tatu ikafika, ikapita. Sikuweza kuingia, sikuweza kujibu, sikuweza kuinama.

Ikakaribia saa nne. Soja wa geti alifungua mlango mdogo. "Nyinyi hapo, mkwe ni nani?" akaita kwa sauti yake yote.

Niliinua mkono.

"Sister amesema presha imeshuka. Mama ameshaingia theatre, anapasuliwa. Na amesema bado usiingie."

Mtoto aliamka akaanza kulia. Nilifungua leso, nikamkalisha ukingoni mwa mtaro, nikamwacha alie, nikampigia mke wangu.

"Ameingia," nikamwambia. "Presha ilishuka."

"Asante. Ulifanya nini?"

"Nilitoka nje," nikasema.