Laptop ilivyojipumzisha yenyewe na kuokoa kazi ya chuo ya mdogo wangu, Lubumbashi bila umeme

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, Kamalondo. Huwa nasoma tu humu na kupita. Leo naweka langu, nililoliona kwa macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Mimi ni fundi cherehani, dada mkubwa nyumbani. Baba na mama walipofariki niliacha shule, nikashika mashine ya mama, ile ya kukanyaga kwa miguu. Wadogo zangu wamekula na kusoma kwa mashine hiyo.

Anayenifuata, Fiston, alifika mwaka wa mwisho chuoni. Huku humalizi bila kuandika utafiti wako, tunauita TFC, na mwalimu anayekusimamia lazima aukubali.

Sasa, kipindi hicho mji ulivurugika. Milio ya risasi, maduka yamefungwa, watu wa upande wa Mitwaba wanaingia na magodoro kichwani.

Umeme nao ukaenda. Si ule mgao tuliouzoea. Ulienda kabisa, na hakuna aliyejua utarudi lini.

Asubuhi moja mwalimu wa Fiston akamwandikia: kesho anahamisha familia, wanapita Sakania kuingia Zambia. Akipata kazi yote kwenye flash kabla ya kuondoka, ataisoma hukohuko. Asipoipata, Fiston atafute mwalimu mwingine.

Mwingine yupi? Chuo kilikuwa kimefungwa, walimu wametawanyika.

Sura ya mwisho ilikuwa nusu. Umeme pekee tuliokuwa nao ni ule uliobaki ndani ya betri ya laptop, na laptop yenyewe ni ya mtumba.

(Mtauliza kwa nini asiandike kwa mkono. Majedwali yake yote yalikuwa mle ndani, na mwalimu alitaka faili.)

Hapo ndipo mimi nikaingia na akili yangu ya jikoni. Hapa kwetu ukimaliza kupika unazima makaa kwenye mbabula, jiko letu la makaa, yale yaliyobaki unayatumia tena kesho. Nimelea watoto hivyo. Basi nikaona na laptop ni hivyohivyo: Fiston akiacha kuandika, izimwe. Akipata sentensi, iwashwe.

Na Fiston ni mtu wa kufikiri muda mrefu.

"Zima!"

"Yaya, niache, niko nafikiri."

"Fikiri na kichwa yako, hapana na courant!" (Huku yaya ni dada mkubwa, na courant ni umeme.)

"Sasa nikisahau?"

"Utakumbuka. Zima."

Tulifanya hivyo mara kadhaa, na kila akiiwasha, alama ya betri ilikuwa imepungua kuliko nilivyotarajia. Nikadhani betri imekufa. Nikaanza kupandisha sauti.

Chumba cha mbele alikuwa amepanga Muhindo, mfanyabiashara wa jumla wa vifaa vya kompyuta kutoka Butembo. Lori lake lilikwama kwa sababu ya vurugu, akawa anashinda nyumbani. Akatokea mlangoni.

"Dada, vita ya inje haiwatoshe, munaleta na ya ndani?"

Nikamweleza. Akacheka hadi akashika mlango.

"Muko munaua iyi mashini. Kila mukiwasha, iko inakimbia na nguvu yake yote ili iamuke. Muiache. Ikikosa kazi, inajua kulala yenyewe."

Sikumwamini. Akaketi, akafungua kidirisha kidogo kinachoonyesha kasi ya prosesa, ubongo wa laptop. Akamwambia Fiston afungue faili: namba ikaruka juu ya GHz mbili. Kisha akasema, "Sasa fikiri."

Fiston akatulia, mikono mapajani. Namba ikashuka, ikashuka tena, ikakaa chini ya moja. Akabonyeza herufi, ikainuka kidogo. Akaacha, ikarudi chini.

Wakuu, nilisahau na risasi za nje.

Muhindo akaeleza kwamba kasi ikishuka, na umeme unaoingia kwenye prosesa unapunguzwa, kwa hiyo inakula kidogo sana. Kazi ikikosekana kabisa, baadhi ya sehemu zake zinazimwa. Hata kati ya herufi moja na nyingine inapata usingizi wake, kwa sababu kwa prosesa muda huo ni mrefu sana. Sisi tunaona mtu anaandika bila kusimama, kumbe yenyewe imelala na kuamka mara nyingi.

Mimi nililielewa hilo kwa mfano wa cherehani. Niliwahi kushona kwenye karakana yenye mashine za umeme za zamani. Mota inanguruma kutwa, hata ukiwa unakata uzi tu. Baadaye zikaja zile ambazo mota haizunguki mpaka ukanyage. Prosesa ya Fiston ilikuwa ya aina hiyo, na aliyeitengeneza alifikiria hata mapumziko yake.

Nikapata wazo jingine.

"Basi kasi tuifunge hapo chini, isipande tena."

"Dada, ukiwa na nguo za sikukuu, unakanyaga polepole?"

"Hapana. Nakanyaga mbio nimalize, nilale."

"Njo vile. Iache ikimbie kiloko, kidogo tu, imalize, irudi kulala. Ikikawia, kioo kinaendelea kukula batri."

Kumbe mlaji mkubwa wakati Fiston anafikiri alikuwa kioo. Muhindo akapunguza mwanga wake, akazima wifi, akafunga programu zisizohitajika. Akasema tukienda kula tuifunike tu ilale, tusiizime.

Nikarudi kwenye mashine yangu, nikamwacha Fiston afikiri anavyotaka. Nilimsikia ananyamaza, anaandika, ananyamaza. Jua lilikuwa bado halijazama alipoita, "Yaya, iko kwa flash." Alama ya betri ilikuwa nyekundu.

Kesho yake tulikwenda wawili kwa miguu. Mwalimu alikuwa tayari ndani ya gari, mizigo imefungwa juu. Akaipokea flash dirishani.

"Ulipata wapi courant?"

"Nilipata ya kutosha, prof," Fiston akajibu.

Kazi ilikubaliwa. Chuo kilipofunguliwa, Fiston aliitetea mbele ya walimu, na mimi nilikuwa nimekaa mstari wa nyuma. Sikuelewa hata nusu ya waliyomuuliza, lakini nilimwona akiulizwa swali gumu, ananyamaza. Ukumbi mzima unangoja. Mkono wangu ulitaka kumsukuma. Nikautuliza, na jibu likaja.

Nilichojifunza: ukiwa na betri tu, usiwashe na kuzima kila mara. Punguza mwanga, funga yasiyo na kazi, kisha mashine na anayeitumia waache wapumue.

Sasa nisaidieni. Laptop niliyonunua juzi feni inalia hata nikiwa sifanyi kitu, na kasi haishuki. Wenye ujuzi, nianzie kuangalia wapi? Na nyinyi mliopitia giza refu, mlifanyaje?