Mto Ambao Hakuuvuka

Nimechoka na yule Mmarekani. Nasema hivyo nikiwa nimeishi naye muda mrefu kuliko nilivyoishi na mtu yeyote. Kule Kongo nilikuwa mwalimu wa fasihi, na kwa muda mrefu nilimsoma yeye tu, katika tafsiri za Kifaransa zilizokwisha kutoka majalada: mwandishi wa zamani wa hadithi za bahari, baridi kali na watu wenye njaa wasiokubali kufa. Maisha yake niliyajua kama ya mjomba wangu. Alizaliwa fukara, akafanya kazi kiwandani angali kijana, akaenda baharini, akarudi mikono mitupu, akakaa mezani kuandika. Wasomaji waliamini kwamba yote aliyoandika yalimpata yeye mwenyewe, naye hakuwakatalia sana.

Nilifika Durban mwaka mmoja kabla ya Kombe la Dunia la Afrika Kusini, na kuanzia hapo mimi na yeye tukabaki kufanana kwa kitu kimoja tu, kiwanda. Changu kilikuwa katika eneo la viwanda la Jacobs, tukitengeneza vifuniko vya makopo ya rangi. Nilisimama tangu asubuhi nikipanga vifuniko, na kelele za mashine nilirudi nazo masikioni mpaka mtaa wa Greyville, kwenye fleti tuliyoigawa wapangaji kwa mapazia. Dirishani unaona uwanja wa mbio za farasi. Farasi wale wanaoshwa, wanapigwa brashi, wanapumzishwa. Niliwaonea wivu, nasema kweli.

Nilikusudia kuandika kitabu juu ya Mmarekani wangu. Daftari lilikuwepo. Kila Jumapili nililifungua, nikaandika mstari mmoja, nikasinzia na kalamu mkononi. Aka! Mtu anayeshinda amesimama na vifuniko hana la kumwambia mtu kuhusu ushujaa.

Badala ya kitabu nikawa naandika fomu za kuomba hifadhi za wakimbizi wenzangu. Ilianzia kwenye fomu yangu mwenyewe. Walionitangulia kwenye foleni waliniambia kwamba habari ya kawaida haimgusi mtu wa ofisini, lazima iwe na kishindo. Basi nikachukua mto uliofurika kutoka kwenye kitabu kimoja cha Mmarekani. Barafu nikaitoa, risasi nikaziweka. Nikajitia majini, na mwanafunzi wangu nimemshika shati. Karatasi yangu ya ukimbizi ilitoka bila taabu, na watu wakaanza kusema mwalimu iko na mkono mzuri. Baada ya ibada wakawa wananifuata na fomu zao, na shukrani zao zilikuwa sahani ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Wengi niliwapa mto. Wengine niliwapa msitu.

Aliyelala upande wa pili wa pazia langu alikuwa mama mmoja wa makamo, msusi katika saluni ya mjini. Vidole vyake vilivimba kwa kusuka, naye jioni alivilowesha katika maji ya chumvi bila kulalamika. Alikuja kwangu Jumapili moja na fomu yake, akakaa juu ya kreti.

"Nilitoka nyumbani asubuhi," akaanza, kisha akanyamaza.

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka kitanda. "Vita ilifika?" nikamuuliza.

"Ilifika."

"Ukakimbia?"

"Nilitembea tu."

"Mama, hawa watu wanasoma fomu kutwa nzima. Yako isipowashtua, wanaiweka pembeni. Niachie mimi."

Nikampa mto. Nilimpa wenye maji mengi kuliko wangu, na kamba iliyokatika katikati. Nilipomsomea kwa Kiswahili alisikiliza kama anayesikiliza habari za mtu mwingine redioni. Mwishoni akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma." Akatia sahihi.

Kosa langu lilikuwa kusahau ni nani niliyemwandikia. Mama yule alikuwa mtu wa kumfuata mteja aliyekwisha lipa na kumwambia kwamba msuko mmoja umelegea nyuma, aje aurekebishe bure. Siku ya mahojiano, afisa wa wakimbizi alipomuuliza ni mto gani, una upana gani, na kamba aliishika nani, alimtazama mkalimani akasema, "Mto? Mimi sikuvuka mto wowote."

Barua ilisema maneno yake na fomu yake havipatani, kwa hiyo ombi limekataliwa. Alibakiwa na rufaa moja. Rufaa nayo ikianguka, angetakiwa kuondoka nchini, arudi kule alikotoka. Nilimsomea barua hiyo mimi mwenyewe, maana ilikuwa kwa Kiingereza, na kila sentensi niliitafsiri nikijua ni mimi niliyeisababisha. Nilingoja anitukane. Angenitukana ningepata nafuu. Alikunja barua, akaitia ndani ya Biblia, akaenda kulowesha vidole.

Jumapili iliyofuata akarudi na kreti lake.

"Mwalimu, leo andika vile nasema. Usiongeze hata mvua."

"Sitaongeza, mama."

Safari hii alipoanza na kunyamaza, nami nilinyamaza. Hicho tu ndicho nilichofanya vizuri katika jambo hili lote. Jirani alimaliza kuosha vyombo, ndipo akasema.

Mama yake alikuwa mzee, miguu imekufa. Majirani walikuwa wameshaondoka. Asubuhi ile mama yake alimwambia apike maharage sufuria nzima, aweke ndoo ya maji karibu na mkeka, kisha aondoke. Na akamwomba afunge mlango kwa nje, kwa kufuli, ili wenye bunduki wakipita waone kufuli, waseme nyumba haina watu, wapite. Alikataa. Mama yake akamkaripia kama anavyokaripiwa mtoto. Basi akafunga.

"Nikavuta kuona kama limeshika," akasema. "Nikatembea. Hakuna mtu alinikimbiza. Hakuna mto. Siku ya tatu nikasikia kijiji kimechomwa."

Niliandika. Kwa aibu sikuinua macho kutoka kwenye karatasi. Hayo yote alikuwa nayo siku ile ya kwanza, upande wa pili wa pazia, na mimi nikampa maji na kamba. Nilijaribu kukumbuka kama katika vitabu vyote vya Mmarekani kuna mtu anayefunga mlango na kuondoka kwa miguu. Sikumkumbuka hata mmoja. Kwake daima mtu anaruka, anapigana, anashinda au anakufa. Habari yake iliisha kwa ukurasa mmoja na nusu, nikamsomea, akanirudisha mahali pamoja: nilikuwa nimeandika alilia. "Sikulia," akasema. Nikafuta.

Rufaa ilikaa miezi mingi. Yeye alisuka, mimi nilipanga vifuniko. Tulipokutana jikoni tulisalimiana, na kila barua ilipopenyezwa chini ya mlango tuliinama wote wawili. Siku aliyoitwa, niliomba ruhusa kiwandani nikamsindikiza, nikamngoja nje. Alipotoka alisema walisoma ukurasa wake wote mbele yake, kisha wakamuuliza swali moja tu, kama mama yake alionekana tena. Alijibu hajui. Wakamwambia asubiri.

Karatasi yake ya ukimbizi ilipotoka, alipika sombe na samaki, akaniita upande wake wa pazia. Nilikula kidogo. Nilimwambia anisamehe.

"Nilishakusamehe siku ile ile," akasema. "Ulikuwa umechoka." Akaniongezea samaki. "Lakini wewe, mwalimu, hujaniambia. Wewe ulitokaje?"

Hapo niseme jambo. Kila ninapokwenda kufanya upya karatasi yangu, nikiwa kwenye foleni naupitia ule mto: upana wake, rangi ya maji, shati la mwanafunzi. Nimeurudia miaka mingi mpaka baridi yake naihisi magotini. Kwa hiyo mdomo ulifunguka wenyewe.

"Mto ulikuwa umejaa..."

Mama aliweka kijiko chini. Hakucheka, hakukasirika. Alingoja, kama nilivyomngoja yeye.

"Nilitoka kwa basi," nikasema. "Na tikiti yangu. Mama yangu alikuwa anachambua mchele mlangoni. Nilimwambia naenda kusahihisha mitihani, nitarudi Jumamosi. Aliniuliza aniwekee chakula."

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia aniwekee."