Unga Uliobanduka

Daktari wa mifupa wa pale Babati huongea polepole, na kila kitu hukishika kwa ncha za vidole, hata kikombe cha chai. Siku ya kumbadilishia Mama Joyness nyonga, mama huyo akiwa ameshachomwa sindano ya ganzi, alimwona daktari akitoa nyonga ya chuma kwenye pakiti, akaigeuzageuza chini ya taa, kisha akairudisha.

"Mama, leo sikuwekei. Huu unga mweupe uliopakwa ndio unaofanya mfupa ushikane na chuma. Umebanduka."

"Sana?"

"Kidogo tu."

"Nimengoja tangu masika, daktari."

"Najua, mama."

Daktari alivuta kiti, akaushika kwa mikono miwili mguu wa mama uliokufa ganzi, na hakuondoka mpaka vidole vya mguu huo vilipoanza kucheza.